Lori Juu ya Mizani

Jumapili, 27 Septemba

Muuguzi wa kliniki amenipa daftari hili. Amesema niandike kila siku Maren yuko vipi: kaanguka, hakuanguka, kala nini, kalala vipi, hali ya hewa ikoje. Nikamwambia mimi si mtu wa kuandika, shule niliiacha kidato cha pili mama alipougua. Akasema, "Andika kama unavyoongea, mama Maren. Daktari atachambua mwenyewe."

Haya basi. Maren mzima. Amekula mayai na mkate. Upepo wa kusini, joto lisilo la wakati wake.

Nafasi imebaki kwenye ukurasa, na mimi roho yangu haijatulia, kwa hiyo naendelea. Tarehe tatu Novemba tunapiga kura ya kodi ya shule. Ikipita, shule yetu ya Skarvik inabaki. Isipopita, kuanzia mwakani watoto wakubwa wote watasafirishwa kwa basi hadi Garnet, zaidi ya saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Maren ana miaka kumi na miwili na ana kifafa. Hapa shule iko mitaa miwili kutoka mlangoni kwangu. Nikimfikiria ndani ya lile basi mwezi wa kwanza, theluji imefunika barabara, dereva mmoja na watoto arobaini, usiku naamka kwenda kumtazama kitandani.

Jumanne, 29 Septemba

Maren mzima. Mawingu.

Jana usiku mkuu wa wilaya ya shule alituita ukumbini. Alitundika mchoro: huku wazee, huku watoto. Upande wa wazee ulikuwa mnene kama gunia, upande wa watoto mwembamba kama mguu wa kuku. Mimi sikuhitaji mchoro. Nafua mashuka kwenye nyumba ya wazee, na vitanda tulivyonavyo ni vingi kuliko madawati yaliyokaliwa pale shuleni. Ukipita kwenye ukumbi wa shule unaona picha za waliohitimu. Zile za zamani zimejaa sura mpaka pembeni. Ya mwaka jana ina sura sita, na fremu ni ileile.

Wapiga kura wengi hawana mtoto shuleni, na kodi inakatwa zaidi kwenye ardhi. Mwenye ardhi nyingi kuliko wote ni Mzee Orlin Brekke, hana mke wala mtoto. Kila mtu anajua atapiga hapana, na nusu ya wakulima wanamfuata yeye. Watu walinong'ona mlangoni kwamba mtu aende akaongee naye. Tukatazamana viatu.

Alhamisi, 1 Oktoba

Mavuno ya viazisukari yameanza. Kama kila mwaka nimechukua likizo kule kufulia nikaenda kituo cha kulundika viazi, zamu ya saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Mume wangu Curt yuko kiwanda cha sukari zamu ya usiku, kwa hiyo tunapishana mlangoni kama walinzi. Malori yanapita mizanini, yanamwaga viazi kwenye mashine, mashine inavirusha kwenye lundo refu kama kanisa. Kazi yangu ni kujaza mfuko wa sampuli kutoka kila lori na kumrudishia mwenye lori tope lililodondoka kwenye viazi vyake.

Nimepangwa na Yesenia Garza. Zamani alikuja na wazazi wake kutoka Texas kila mavuno na kurudi baridi ikianza. Tangu masika amehamia kabisa, yuko ile nyumba ya kijani karibu na reli, watoto watatu shuleni. Bila watu kama yeye darasa la kwanza lingekuwa na meza tupu tu.

Maren mzima. Bi Lorna, karani wa shule, alinipigia mchana kuniambia hivyo bila kuombwa.

Jumamosi, 3 Oktoba

Joto. Kituo kimefungwa. Viazi vikilundikwa na joto vinaoza. Maren mzima.

Jumapili, 4 Oktoba

Leo nilijikaza nikaoka keki ya maboga ya sinia, nikaipeleka kwa Mzee Orlin. Alinikaribisha kahawa. Nikakataa mara moja, nikakataa mara ya pili, ya tatu nikakubali, kama inavyotakiwa. Tuliongea joto. Tuliongea mvua ya mwaka ule mbaya. Tuliongea bei ya dizeli. Kipande cha mwisho cha sahani kilibaki, yeye akakata nusu, mimi nikakata nusu ya nusu, na kilichobaki hakuna aliyekigusa. Nikaaga.

Curt alikuwa ananisubiri jikoni. "Umemuuliza?"

"Nimemgusia."

"Umegusia nini?"

"Nimesema barabara ya Garnet huwa na barafu sana."

"Kwa joto hili?" Alicheka mpaka akashika meza. "Mke wangu, huyo mzee amedhani unataka kuuza gari."

Sikucheka. Nilitamani kulia. Maren mzima.

Alhamisi, 8 Oktoba

Bado joto. Bado tumefungiwa. Maren mzima.

Jumatatu, 12 Oktoba

Kazi siku mbili, halafu mvua. Malori yamezama kwenye mashamba mpaka ekseli. Kwa kawaida sasa hivi tungekuwa tunamaliza. Maren mzima, lakini amechoka, macho yake hayanipendezi.

Alhamisi, 15 Oktoba

Maren ameanguka.

Naandika kama muuguzi alivyotaka. Ilikuwa saa tano asubuhi, darasa la hesabu. Alikuwa amekula uji na ndizi. Mvua nyembamba. Mimi nilikuwa nyumbani, kituo kimefungwa kwa tope. Simu ilipolia nilijua kabla sijaishika. Nilitoka na ndara kwenye matope, mitaa miwili, sikumbuki nilivyofika.

Nilimkuta amelazwa ubavu kwenye zulia la ofisi ya Bi Lorna. Sweta ya Bi Lorna iko chini ya kichwa chake. Yule mama ameshafika umri wa kustaafu, magoti yake mabovu, lakini alikuwa amekaa chini kabisa, mkono mmoja kwenye bega la mwanangu, mwingine umeshika saa. Alisema taratibu, "Imeshapita, Renae. Ilikuwa fupi kuliko ya mwezi wa nne. Hakujiuma. Keti uvute pumzi, usimtishe." Wanafunzi wa darasa lake, waliomleta alipoanza kuhisi inakuja, walikuwa wameshatoka wenyewe, wamefunga mlango, na kijana wa Yesenia alikuwa amesimama nje akiwazuia wadogo wasichungulie. Hakuna aliyemwagiza. Walishazoea. Mwanangu kwao ni Maren tu, ambaye mara mojamoja huanguka.

Nilipokuwa nimemshika Maren, Bi Lorna alisema, "Kule Garnet wana nesi wa kweli, amesoma." Nadhani alitaka kunituliza. "Nesi wa wanafunzi mia tano," nikamwambia. Akaninyooshea mkono nimwinue.

Jioni Maren aliniuliza kama akienda Garnet atalazimika kuwaeleza wote upya. Nilisema hutakwenda. Nimemwahidi mtoto kitu ambacho hakiko mikononi mwangu. Sijui nitafanyaje, ila lazima nifanye.

Ijumaa, 16 Oktoba

Maren mzima. Amelala mchana kutwa. Mvua.

Jumapili, 18 Oktoba

Baada ya ibada, kwenye kahawa ya kanisani, nilimfuata Mzee Orlin mpaka kwenye koti lake.

"Mzee Orlin, nakuuliza jambo."

Alinitazama kana kwamba nimevua nguo. "Uliza."

"Kura ya shule. Utapiga nini?"

Alichukua muda kufunga vifungo. "Hapana."

"Kwa nini?"

"Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini," alisema. "Wananiletea keki. Mwezi huu nimeletewa keki nne na bakuli la viazi na nyama. Wanaongelea dizeli."

Nikasema moja ya hizo keki ilikuwa yangu. Akasema anajua, ndiyo iliyokuwa na sukari nyingi.

Kisha akaniambia, tumesimama hapo katikati ya makoti. Alipokuwa mtoto kulikuwa na shule ya chumba kimoja kwenye njiapanda karibu na shamba lao. Mji ulitaka iunganishwe na ya hapa. Kura ikapangwa siku ya kazi, mchana, katikati ya mavuno. Baba yake na majirani wote walikuwa mashambani. Watu wa mji walitoka madukani wakavuka barabara, wakapiga kura, wakarudi madukani. "Tulishindwa tukiwa hatupo," alisema. "Baba aliambiwa akiwa juu ya trekta. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyeipigia ndiyo shule ya mji. Na ardhi yangu ndiyo itakayolipa, mama Maren, si nyumba zenu."

Nilisema tu, "Mimi wakati huo sikuwa nimezaliwa."

"Najua," alisema. "Wala sikulaumu."

Miaka yote nimemwona ni mzee mchoyo asiyependa watoto. Nimerudi nyumbani nikiwa sijamgeuza hata kidogo, lakini angalau sasa namjua ninayepambana naye. Maren mzima.

Alhamisi, 22 Oktoba

Jua kidogo. Kazi. Lundo limekua. Yesenia nilimsimulia habari ya kanisani, akaniuliza, "Hivi shoga, nyinyi watu wa huku mezani mnaombaje chumvi? Mnasema, chakula hiki leo kimetulia?"

"Tunakula bila chumvi."

Alicheka akadondosha mfuko wa sampuli. Nikamuuliza kama yeye atapiga kura. Alisema yeye ni raia, kazaliwa Texas, lakini karatasi zake zote zina anwani ya huko na kujieleza mbele ya karani kunamchosha. "Na mimi nani hapa? Mwaka wangu wa kwanza wa theluji bado." Nikamwambia huku jirani anaweza kuapa kwamba fulani anaishi hapa, na akiapa inatosha, anaandikishwa hapohapo siku ya kura. Akauliza, "Nani ataniapia?" Nikajikuta nasema mimi. Mimi, ambaye fomu ya daktari huwa naisoma mara tatu ndipo niweke sahihi.

Maren mzima.

Jumatatu, 26 Oktoba

Mvua. Maren mzima.

Jumatano, 28 Oktoba

Mvua. Nimeanza kuelewa jambo, na usingizi umenipotea.

Mavuno huisha katikati ya Oktoba. Kwa hiyo hakuna aliyeomba kura ya posta, na muda wa kuomba umepita. Sasa hali ya hewa inasema itakauka na kupoa kuanzia Jumapili. Kituo kitafanya kazi mfululizo. Jumanne wazazi karibu wote wa shule ile watakuwa kwenye malori na mashine kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Ukumbi unafungua saa nne asubuhi, unafunga saa mbili usiku. Wastaafu watakuwa na siku nzima ya kutembea wakapige.

Nimeanza kuombea mvua, na mshahara wetu wa baridi yote unatokana na kukauka.

Jumapili, 1 Novemba

Kumekauka. Baridi safi, anga la bluu. Kila mtu kanisani alishukuru. Mimi nilitazama sakafu. Maren mzima.

Jumatatu, 2 Novemba

Asubuhi nilimfuata msimamizi wetu, Gaylen, kabla mashine haijawashwa. Nilimwomba asimamishe kazi kesho, saa moja tu, watu wakapige kura. Nilisema hivyohivyo, bila kuzunguka.

"Sijamkataza mtu kwenda," alisema. "Anayetaka aende. Sheria inaruhusu."

"Akiondoka mmoja mashine inasimama."

"Basi inasimama."

"Na malori yote nyuma yanasubiri kwa sababu yake."

"Hm," alisema Gaylen.

Hapo ndipo penye shida yetu. Hakuna mtu wa Skarvik atakayekubali kuwa yule aliyesimamisha mashine. Afadhali apoteze shule. Nilimwambia hivyo Yesenia, akasema ni wazimu. Nikamuuliza kama yeye ataondoka. Akatazama foleni ya malori mpaka kwenye reli. "Mimi ni mgeni," alisema. "Nikiwa mimi, watasema mwaka mzima."

Alasiri lori la Mzee Orlin lilifika. Bado anaendesha mwenyewe, hataki kijana wa kukodi. Nilijaza mfuko wake wa sampuli, kisha nikapanda ngazi ya lori nikagonga dirisha. Alilishusha.

"Mzee Orlin, kesho sisi tutakuwa hapa mpaka ukumbi ufungwe. Wote. Tutashindwa tukiwa hatupo."

Tope lilikuwa limenikauka mpaka kwenye nyusi.

"Hm," alisema, akapandisha dirisha.

Maren mzima. Ameniuliza kwa nini nimevunja sahani. Iliteleza tu.

Jumanne, 3 Novemba

Naandika mezani, viatu bado miguuni. Maren mzima, nimeanza na hilo.

Kavu, baridi, hakuna upepo. Malori yalikuja bila kukatika. Mchana nilihesabu sura za wazazi pale kituoni, nikaacha maana nilikuwa najiumiza. Kila mtu alijua ni siku gani. Wakati wa mkate tuliongea hali ya hewa. Jamaa mmoja wa mashine alisema, "Mtu akitaka kwenda, mimi sina neno." Mwingine akasema, "Hata mimi sina neno." Kisha tukamaliza mkate tukarudi kazini.

Saa kumi na moja na nusu, giza limeshaingia, lori la Mzee Orlin lilipanda mizani. Mizani yetu ni moja tu, kila lori lazima lipite hapo. Msichana wa mizani alichukua uzito, akampungia apite. Hakupita. Akampungia tena. Mzee Orlin alitoa chupa ya kahawa, akafungua kifuniko, akamimina.

Honi moja ya adabu ilisikika nyuma. Gaylen akatoka kwenye kibanda chake.

"Orlin, sogeza."

"Limezima."

Moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba, na taa zote zinawaka. Gaylen alitazama bomba. "Nasikia linanguruma."

"Linanguruma, lakini limezima."

"Na litawaka lini?"

"Nikimaliza kahawa."

"Chupa ina kiasi gani?"

Mzee Orlin aliitikisa karibu na sikio. "Imejaa. Na mimi hunywa polepole."

Gaylen alivua kofia, akajikuna, akavaa. Kisha akasema kwenye redio, kwa sauti ileile ya siku zote, kwamba mizani ina hitilafu na mashine isimame mpaka itengemae.

Mashine ilinyamaza. Masikio yalibaki yanavuma. Na hata hapo, hakuna aliyesogea. Watu walikuwa wamesimama na glavu zao, kila mmoja anamtazama mwenzake aanze. Nikamwona Maren akilini, kwenye lile zulia. Nilivua glavu nikazitupa kwenye ndoo.

"Mimi naenda kupiga kura," nilisema, na sauti yangu sikuijua. "Gari langu lina nafasi nne. Yesenia ndiye wa kwanza."

Basi ikawa kama kufungua lango la ng'ombe. Milango ya malori ilifunguka mpaka kule relini. Nilipopita chini ya dirisha la Mzee Orlin nilisimama.

"Mimi nimeshapiga," alisema kabla sijafungua mdomo. "Saa nne, walipofungua. Hapana."

"Najua."

"Usidhani vinginevyo."

"Sidhani."

"Basi nenda, kahawa inapoa."

Ukumbini tulipanga mstari mpaka nje, tope tupu, wazee waliokuwa wanahesabu karatasi wakiitazama sakafu yao. Karani aliniuliza kama namjua huyu mama na kama anaishi ndani ya wilaya. Nikasema anaishi nyumba ya kijani karibu na reli, pazia la jikoni lina malimau, na nimekula tope naye wiki tano. Akasema ndiyo au hapana inatosha. Nikasema ndiyo. Kile kiapo nilikisoma mara moja tu, nikatia sahihi. Yesenia alisimama wima kama anapigwa picha.

Tuliporudi, lori lilikuwa bado juu ya mizani. Mzee Orlin alisubiri mpaka gari la mwisho lilipoegeshwa. Kisha akakung'uta kikombe dirishani, akasema kwa sauti, "Limewaka," akapita.

Jumatano, 4 Novemba

Redio imesema asubuhi. Kodi imepita, kwa kura kumi na tisa.

Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma na koti la Curt. Alinikuta hapo alipotoka kiwandani, akakaa pembeni yangu. Kazini hakuna aliyetaja kura. Watu walisema leo kuna baridi ya kufaa. Lakini Gaylen alinipa kahawa yake bila kuniuliza hata mara moja, na hapa kwetu hilo si jambo dogo.

Maren mzima.

Jumamosi, 7 Novemba

Lori la mwisho la msimu lilikuwa la Mzee Orlin. Nilikuwa nimeleta sinia la keki ya maboga kwa zamu nzima, kimebaki kipande kimoja tangu saa sita, kila mtu akikipita kwa mbali. Nikapanda ngazi nacho.

"Karibu keki, mzee."

"Hapana, asante."

"Chukua."

"Wape wengine."

"Mzee Orlin, chukua keki."

Alitoa kisu cha mfukoni, akakikata nusu, akanirudishia nusu yangu. Tulikula, yeye kwenye kiti, mimi kwenye ngazi.

"Mtanipandishia kodi," alisema.

"Tutakupandishia."

"Hm." Alifuta kisu kwenye suruali. "Yule binti yako. Atahitimu mwaka gani?"

Nilimwambia.

"Nitakuwa mzee sana," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Niletee kadi ya mwaliko. Usije tu kunigusia."

Jumatatu, 9 Novemba

Theluji ya kwanza. Nimerudi kufulia, naanza saa nne.

Maren mzima. Amekula uji. Aliomba aende shule peke yake, akasema ni mitaa miwili, mama, na Bi Lorna yuko mlangoni. Nikamfunga skafu, nikamfungulia mlango. Nilijiambia sitasimama dirishani.

Nilisimama, lakini nyuma ya pazia. Aligeuka pale kona akanipungia mkono.